Universal Credit ikikatwa ukiwa mgonjwa au mwenye ulemavu: hatua za kufuata

Wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Uingereza huuliza jambo moja kwa namna nyingi. Mtu ni mgonjwa, daktari wake anajua, hata ofisi ya ajira, yaani Jobcentre, wanajua, kisha siku ya malipo anafungua akaunti na kukuta fedha imepungua au haipo kabisa. Anauliza aanzie wapi, na kama kupinga uamuzi huo hakutamletea balaa jingine. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye hajawahi kupinga uamuzi wowote wa Wizara ya Kazi na Pensheni, yaani DWP, na unampeleka hatua kwa hatua mpaka mbele ya hakimu ikibidi.

Unahusu Universal Credit peke yake, yaani posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo au wasio na kazi, na unafuata taratibu za England, Wales na Scotland, kwa kuwa Ireland ya Kaskazini ina wizara yake na mahakama zake. Ukiweza kumpata mshauri wa bure wa Citizens Advice au wa kituo cha sheria cha mtaani kwako, mwone mapema, lakini usingoje miadi yake ndipo uanze, kwa sababu hatua za mwanzo hazisubiri.

KWA NINI MGONJWA HUKATWA

Kinachoamua kama unaweza kukatwa fedha kwa adhabu ya kutotimiza masharti (sanction) si ugonjwa wenyewe bali kundi ambalo DWP imekuweka. Karibu kila mwombaji mpya huanzia kundi la wanaotakiwa kutafuta kazi, hata kama cheti cha daktari anacho mkononi, na hubaki humo mpaka afanyiwe tathmini ya uwezo wa kufanya kazi. Baada ya tathmini anaweza kuwekwa kundi la LCW (mwenye uwezo mdogo wa kufanya kazi), ambalo halimlazimishi kutafuta kazi lakini linamtaka ahudhurie miadi na kujiandaa kwa kazi, na kwa hiyo bado anaweza kukatwa. Au kundi la LCWRA (mwenye uwezo mdogo wa kufanya kazi na hata wa kujiandaa kwa kazi), ambalo halina sharti lolote la kazi na halina adhabu.

Wengi hudhani kwamba anayepata PIP, yaani posho ya wenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu, hawezi kukatwa Universal Credit. Si kweli. PIP ni posho nyingine inayopimwa kwa vigezo vingine, na kuipata hakukutoi katika kundi la watafuta kazi. Kilicho kweli ni kwamba PIP yenyewe haiguswi na adhabu hii, wala haiguswi fedha ya kodi ya nyumba au ya watoto iliyomo ndani ya Universal Credit, kwa kuwa kinachokatwa ni posho ya msingi peke yake.

Wanaoumia zaidi, kwa ninavyoona, ni walio njiani: wameshapeleka cheti, hawajapimwa, na wanangoja kwa miezi huku wakitakiwa kufuata masharti ya mtu mzima wa afya. Kamati ya Bunge ya masuala ya kazi na pensheni ilipendekeza mwaka 2018 kwamba watu hawa wenye vyeti halali, pamoja na walio katika kundi la LCW, wasikatwe kabisa. Serikali haikulikubali pendekezo hilo, na ndiyo sababu mwongozo wa namna hii bado unahitajika.

Hesabu yenyewe huenda hivi. Katika mwaka wa fedha wa 2025/26 posho ya msingi ya mtu asiye na mwenzi, mwenye umri wa miaka 25 au zaidi, ilikuwa pauni 400.14 kwa mwezi, na adhabu kamili ilimwondolea pauni 13.10 kwa kila siku moja. (Viwango hubadilishwa kila Aprili.) Tuseme mtu mwenye seli mundu alishindwa kufika kwenye miadi ya Jumatatu tarehe 3 Novemba 2025 kwa sababu ya maumivu, akahudhuria miadi mpya Alhamisi tarehe 13. Siku 10, kuanzia tarehe 3 hadi 12, zinahesabiwa kwa sababu alikuwa bado hajatimiza sharti, kisha zinaongezwa siku 7 za adhabu ya kosa la kwanza. Jumla ni siku 17, sawa na pauni 222.70. Angekuwa amekatwa kwa kosa kama hilo ndani ya mwaka mmoja uliotangulia, zingeongezwa siku 14 badala ya 7, na kwa kosa la tatu siku 28. Makosa mazito zaidi, kama kuacha kazi kwa hiari, huanzia siku 91, na hapo ndipo hunaswa mtu aliyeacha kazi kwa sababu mwili ulimshinda lakini hakumwambia mtu yeyote kwa maandishi.

UTAKAVYOHITAJI KABLA YA KUANZA

Kusanya vitu hivi mahali pamoja. Ukikosa kimojawapo usisimame. Anza na ulivyo navyo.

- Namba yako ya Bima ya Taifa, pamoja na jina na nywila za kuingilia akaunti yako ya Universal Credit.
- Barua ya uamuzi wa kukukata, ambayo kwa kawaida huwekwa ndani ya akaunti.
- Mkataba wako wa masharti, yaani ile orodha ya mambo uliyokubali kuyafanya ili ulipwe. Umo ndani ya akaunti hiyohiyo.
- Vyeti vyote vya daktari vya kutoweza kufanya kazi, hata vilivyokwisha muda. Tangu Julai 2022 vyeti hivyo vinaweza kutiwa saini pia na muuguzi, mfamasia, mtaalamu wa tiba ya viungo au mtaalamu wa tiba kwa shughuli, si daktari peke yake.
- Ujumbe wa simu wa miadi ya hospitali, orodha ya dawa, na muhtasari wa kuruhusiwa kama ulilazwa.
- Daftari moja la kuandikia tarehe, saa, na jina la kila mtu wa DWP unayezungumza naye.
- Mtu wa kukusomea na kukuandikia, kama Kiingereza au macho vinakusumbua.

HATUA KWA HATUA

1. Jua uko mahali gani.

Fungua akaunti na usome ujumbe mpaka mwisho. Kuna hali mbili zinazofanana kwa mbali. Ya kwanza ni kwamba unaulizwa kwa nini hukuhudhuria au hukufanya jambo fulani, na uamuzi bado haujatolewa. Ya pili ni kwamba uamuzi umeshatolewa na umekatwa. Kama uko katika hali ya kwanza, una bahati, kwa sababu mgonjwa mwenye sababu ya kuridhisha hapaswi kukatwa kwa mujibu wa sheria, na ni rahisi zaidi kuzuia uamuzi kuliko kuubatilisha. Jibu siku hiyohiyo, kwa maandishi ndani ya shajara ya akaunti (journal), yaani sehemu ya kuandikiana ujumbe na DWP, hata kama jibu ni fupi: ulikuwa na hali gani, ilianza lini, ilikuzuiaje, na ushahidi utafuata. Sheria haina orodha maalumu ya sababu za kuridhisha. Mtoa uamuzi anatakiwa kuangalia mazingira yako yote, lakini hawezi kuangalia usichomwambia.

2. Zuia siku zisiendelee kuhesabiwa.

Kama adhabu yako imetokana na kukosa miadi au mafunzo, inaendelea kukua kila siku mpaka utimize lile sharti, kwa kawaida kwa kuhudhuria miadi mpya. Kwa hiyo andika kwenye shajara leo kwamba uko tayari kuhudhuria na uombe miadi ya karibu, au piga simu 0800 328 5644, ambayo ni namba ya bure ya Universal Credit. Kama huwezi kutoka nyumbani, sema hivyo na uombe miadi ya simu. Kuomba miadi mpya si kukubali kosa, na hakukuzuii kupinga adhabu baadaye. Ninalisisitiza hili kwa sababu watu wenye hasira ya haki hugoma kuhudhuria wakingoja kwanza adhabu ifutwe, na kila siku ya mgomo huo huwagharimu pauni 13 na ushei.

3. Hifadhi ushahidi ulio ndani ya akaunti.

Piga picha za skrini za kila ujumbe kuanzia mwezi mmoja kabla ya tarehe ya kosa, za mkataba wa masharti na za orodha ya miadi. Akaunti ikifungwa, kuingia tena kunaweza kukushinda. Angalia kwa makini jinsi ulivyoarifiwa: je, miadi iliwekwa kwenye akaunti kabla ya siku yenyewe, na je, uliwahi kuiona? Angalia pia saa. Katika familia zetu barua husomwa na kijana kwa ajili ya mzazi, na miadi ya saa 10:00 asubuhi, ambayo kwetu ni saa nne, hufika kwa mama ikiwa "saa kumi", naye akajiandaa kwenda jioni. Kama hilo ndilo lililotokea, liandike wazi, kwa sababu ni maelezo ya kweli na yanaeleweka. Na kuanzia leo saa zote ziandikwe kwa tarakimu kama zilivyo kwenye barua.

4. Omba malipo ya dhiki (hardship payment) siku ileile fedha inapoingia pungufu.

Malipo haya ni asilimia 60 ya kiasi ulichokatwa, yakigawanywa kwa siku, kuanzia siku unayoomba hadi siku ya malipo yanayofuata. Kwa yule aliyekatwa pauni 222.70, ni kama pauni 4.39 kwa siku. Ni kidogo, na kila siku unayochelewa kuomba inapotea, hairudishwi. Omba kwa simu ileile ya bure au kwenye Jobcentre. Utaulizwa kama umeshatimiza sharti lililokusababishia adhabu (ndiyo maana hatua ya 2 imetangulia), kama umetekeleza masharti yako katika siku 7 zilizopita, kama umepunguza matumizi yasiyo ya lazima, na kama umejaribu kupata msaada kwingine. Lazima pia ionekane kwamba huwezi kumudu mahitaji ya msingi kabisa, yaani makazi, kupasha nyumba joto, chakula na usafi wa mwili.

Zingatia mambo mawili. Kwanza, malipo haya ni mkopo: yatarudishwa kwa kukatwa kwenye Universal Credit yako baada ya adhabu kwisha, ingawa tangu Aprili 2025 makato ya madeni kwa kawaida hayapaswi kuzidi asilimia 15 ya posho ya msingi. Pili, hayajirudii yenyewe. Adhabu ikiendelea hadi mwezi wa pili, unaomba upya.

Katika simu hiyo taja dawa zako na vifaa unavyovitegemea: insulini inayohitaji friji, mashine ya oksijeni, kitanda cha umeme, chakula ambacho dawa haziwezi kunywewa bila hicho. Mwezi Julai 2013 David Clapson, mwanajeshi wa zamani mwenye kisukari aliyekuwa akiishi Stevenage, alikutwa amefariki nyumbani kwake baada ya posho yake ya kutafuta kazi kusimamishwa. Umeme wa kulipia kabla ulikuwa umekwisha, friji ya insulini haikuwa ikifanya kazi, na benki alikuwa na pauni 3.44. Habari zake zilifika mpaka Bungeni. Ukiwa na hali inayofanana na hiyo, mwambie mpokea simu kwamba maisha yako yako hatarini, mwombe aandike maneno hayo kwenye kumbukumbu, kisha mpigie daktari wako au namba 111 ya NHS, yaani huduma ya afya ya taifa, bila kungoja DWP.

5. Tafuta barua moja inayojibu swali moja.

Barua ya daktari isemayo "mgonjwa huyu ana sonona na maumivu ya mgongo" haisaidii sana, kwa sababu haielezi kilichotokea siku ile. Unachohitaji ni sentensi mbili au tatu zinazounganisha ugonjwa na tarehe: kwamba ugonjwa huu kwa mtu huyu husababisha hali hii, na kwamba ni jambo linaloingia akilini kuwa tarehe fulani hakuweza kusafiri, kupokea simu au kukumbuka miadi. Mwandikie daktari swali hilo waziwazi badala ya kumwomba barua ya jumla. Fahamu kwamba baadhi ya zahanati hutoza fedha kwa barua za namna hii. Ukiwa huna, usikwame: kumbukumbu zako za matibabu unaweza kuzipata bure, nyingi kupitia programu ya simu ya NHS, na ukurasa unaoonyesha kwamba ulipiga simu zahanati siku ile, au kwamba dozi ilibadilishwa wiki ile, una uzito mkubwa. Anayekuhudumia nyumbani, mwalimu wa dini, jirani au mwanao anaweza pia kuandika alichokiona kwa macho yake, akiweka tarehe na saini.

6. Andika ombi la uamuzi kuangaliwa upya.

Hii ndiyo hatua inayoamua mambo, na huwezi kwenda mahakamani bila kuipitia. Unaweza kuomba kupitia shajara, kwa simu, kwa barua, au kwa fomu ya CRMR1. Napendelea maandishi kwa sababu simu haiachi nakala mikononi mwako. Omba ndani ya mwezi mmoja tangu tarehe ya uamuzi. Ukiwa umechelewa, bado omba: sheria inaruhusu uamuzi wa adhabu ya Universal Credit urekebishwe wakati wowote, na mtu anayekwambia simuni kwamba muda umepita anachanganya adhabu na maamuzi mengine.

Andika kwa mpangilio wa tukio, si kwa mpangilio wa hasira. Eleza kwanza unaomba nini, kisha kilichotokea, kisha ugonjwa unahusikaje, kisha DWP walijua nini, kisha ushahidi ulioambatanisha. Mfano wa maudhui, ambayo utayaweka kwa Kiingereza wewe au mtu wa kukusaidia, ni huu:

"Naomba uamuzi wa kunikata kwa kukosa miadi ya tarehe 3 Novemba 2025 uangaliwe upya na ufutwe, kwa sababu nilikuwa na sababu ya kuridhisha. Nina seli mundu. Usiku wa tarehe 2 nilipatwa na maumivu makali ya miguu na kifua, nikanywa dawa nilizoandikiwa na hospitali, ambazo hunilaza usingizi mzito. Saa ya miadi sikuweza kusimama wala kuzungumza. Niliandika kwenye shajara tarehe 4, mara tu nilipoweza. Mshauri wangu wa kazi anajua ugonjwa huu tangu Julai, na cheti changu cha daktari kilikuwa kinaendelea siku hiyo. Naambatanisha cheti hicho, orodha ya dawa, na barua ya muuguzi wa kliniki."

Angalia kwamba maelezo haya hayasemi "mimi ni mgonjwa sana" hata mara moja. Yanasema usiku gani, viungo gani, dawa gani, na kwa nini simu haikupigwa kabla. Swali la mwisho hilo, kwa nini hukutoa taarifa mapema, ndilo wanalolisahau wengi, na ndilo la kwanza kuulizwa na mtoa uamuzi. Mwenye maradhi ya akili anapaswa kulijibu kwa unyoofu: kama kuiona bahasha ya kahawia au kusikia simu kunakufanya utetemeke na kujifungia, sema hivyo, kwani huo ni ugonjwa na wala si uzembe.

Kama DWP walikataa au walisahau kukupa nafuu uliyoiomba, kwa mfano miadi ya alasiri, mkalimani, maandishi makubwa au ujumbe wa kukumbusha, taja Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, ambayo inawataka wafanye marekebisho yanayofaa kwa mtu mwenye ulemavu.

7. Wakikataa, kata rufaa.

Majibu ya ombi lako yatakuja kwa taarifa iitwayo MRN (Mandatory Reconsideration Notice). Tangu tarehe iliyoandikwa juu yake una mwezi mmoja wa kukata rufaa, kwa fomu ya SSCS1 au kupitia tovuti ya serikali. Ukichelewa kwa sababu nzuri unaweza kukubaliwa, lakini mwisho kabisa ni miezi 13. Mahakama hii ya posho haiko chini ya DWP na haitozi ada. Ukataji rufaa ni haki iliyomo katika sheria, na mwenye kuitumia hawekwi alama mbaya kwa sababu hiyo.

Kwenye fomu, chagua kusikilizwa ukiwepo, ana kwa ana au kwa simu au video, badala ya kuacha waamue kwa karatasi peke yake. Hakimu anayekusikia ukieleza siku yako hupata picha ambayo karatasi haina. Weka alama kwamba unahitaji mkalimani wa Kiswahili, na utaje Kiswahili cha wapi, kwani mtu wa Bukavu na mkalimani wa Unguja wanaweza kupishana. Mkalimani ni wa bure, na mahakama haimkubali ndugu wala rafiki afanye kazi hiyo, ingawa anaweza kukaa nawe. DWP hupewa siku 28 za kuleta majibu yao, na utatumiwa nakala ya kabrasha lao lote. Lisome. Mara nyingi humo ndimo hukutwa cheti ulichokipeleka mwenyewe, kimegongwa muhuri wa kupokelewa, ambacho mtoa uamuzi aliandika kwamba hajakiona.

8. Badilisha masharti ili usikatwe tena.

Usingoje rufaa iishe. Omba kwa maandishi mkataba wako wa masharti upunguzwe kulingana na hali yako. Saa 35 za kutafuta kazi kwa wiki ni za mtu asiye na kizuizi. Mshauri wa kazi ana mamlaka ya kuzipunguza, hata kuziondoa kabisa kwa muda wakati unangoja tathmini. Ukiugua ghafla, sheria inakuondolea wajibu wa kutafuta kazi kwa hadi siku 14, mara mbili ndani ya miezi 12. Siku 7 za kwanza unajieleza mwenyewe, na baada ya hapo unahitaji cheti. Zingatia kwamba nafuu hiyo ni ya kutafuta kazi. Miadi iliyokwishapangwa haifutiki yenyewe, lazima uombe isogezwe.

Endelea kupeleka vyeti bila pengo, hata la siku moja, na uliza tathmini imefikia wapi. Fomu ya UC50, yaani ile ya maswali ya tathmini, ikifika, ijaze kwa uangalifu uleule wa hatua ya 6 na uirudishe kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye barua.

MAKOSA YANAYOJIRUDIA

Kukaa kimya kwa staha. Wengi wetu tumelelewa kutotangaza maradhi mbele ya watu tusiowajua, na mtu akiulizwa hali yake na mshauri wa kazi hujibu "sijambo, nashukuru". Jibu hilo huandikwa, na hurudi kwako ndani ya kabrasha la rufaa.

Kukubali masharti usiyoyaweza ili usionekane mkaidi. Ukishaubofya mkataba, masharti hayo ndiyo utakayopimwa kwayo. Omba kwanza yarekebishwe.

Kumwacha mtoto wa shule atafsiri mambo ya ugonjwa wa mzazi wake. Hatajua jina la dawa, na yapo mambo ambayo mama hatayasema mbele yake. DWP wana huduma ya ukalimani kwa simu. Iombe mwanzoni mwa mazungumzo.

Kutopokea simu za namba ngeni. Simu ya miadi huweza kuonekana kama namba ya 0800 usiyoijua au namba iliyofichwa, na ukiiacha unahesabiwa umekosa miadi.

MAMBO YAKIKWAMA

Wanakataa kuzungumza na ndugu anayekusaidia. Andika kwenye shajara jina lake, uhusiano wenu, jambo gani hasa anaruhusiwa kulizungumzia na kwa sababu gani. Ruhusa hiyo haidumu. Jambo likibadilika, andika upya. Kama mgonjwa hana uwezo kabisa wa kusimamia mambo yake, ndugu aombe kuteuliwa rasmi na DWP kuwa msimamizi wa posho yake.

Wiki zinapita na ombi la kuangaliwa upya halijajibiwa. Sheria haikuwawekea DWP siku ya mwisho. Ulizia kwenye shajara kila wiki mbili, ukitaja tarehe uliyowasilisha, na uwasilishe malalamiko ukiona kimya. Mbunge wa eneo lako husaidia wapiga kura na wasio wapiga kura, na barua kutoka ofisini kwake mara nyingi hufungua mlango uliofungwa.

Umekatwa, kisha tathmini ikakuweka kundi la LCWRA. Makato yanapaswa kuwa sifuri kwa kila kipindi cha malipo ambacho, kilipokwisha, ulikuwa kwenye kundi hilo. Yakiendelea, andika kwenye shajara uulize kwa nini, na uombe warekebishe.

Ulichokosa ni miadi ya tathmini ya afya, si ya Jobcentre. Hiyo si adhabu bali ni uamuzi kwamba unahesabiwa kuwa unaweza kufanya kazi. Hapa ule uhuru wa kuomba wakati wowote haupo, kwa hiyo omba kuangaliwa upya ndani ya mwezi mmoja, ukieleza kwa nini hukufika.

Malipo ya dhiki yamekataliwa. Uamuzi huo nao unaweza kupingwa kwa njia ileile. Wakati huohuo muulize mshauri wa Citizens Advice, daktari au mfanyakazi wa ustawi wa jamii akupe vocha ya benki ya chakula, na uliza halmashauri yako kuhusu mfuko wa dharura. Scotland una jina la Scottish Welfare Fund na Wales upo wa serikali yao. England kila halmashauri ina utaratibu wake.

Mwenye nyumba anaulizia kodi. Mwonyeshe barua ya uamuzi, umweleze kwamba fedha ya kodi haikukatwa, na umlipe hiyo kwanza. Kama fedha ya kodi nayo imepungua, si kazi ya adhabu. Kuna kosa au makato mengine, nayo yaulizie kwa ujumbe wa peke yake, usiyachanganye na ombi la adhabu.

Umeshinda na fedha haijaja. DWP wanapaswa kukulipa kilichokatwa. Waandikie ukiambatanisha uamuzi, uwape hesabu ya siku na kiasi kama ile ya tarehe 3 hadi 13 Novemba hapo juu, na uulize deni la malipo ya dhiki limefanyiwa nini.